Surf 1KZ inakula maji na rejeta inatoa mapovu: ni gasketi au hedi imepasuka?

Mwarua
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina Hilux Surf ya 1997, dizeli, injini 1KZ-TE, gia otomatiki. Ndiyo inayobeba mzigo wa duka letu kutoka Kampala hadi Arua. Wiki mbili zilizopita tulivuka daraja la Pakwach vizuri, lakini kwenye mlima wa kwenda Nebbi mshale wa joto ukapanda ghafla. Nikaegesha. Mvuke ulipopungua, kijana niliyekuwa naye akamimina maji baridi na injini bado inaungua. Sikuwahi kumzuia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Tangu siku hiyo gari linakula maji, karibu lita mbili kila kilomita mia, na chini hakuna hata tone. Oili kwenye kijiti ni safi. Asubuhi linatoa moshi mweupe kidogo kisha unaisha. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama tairi. Kilichonishtua zaidi ni hiki: gari limelala usiku kucha, alfajiri nafungua mfuniko wa rejeta, unapiga pshhh.

Fundi wa hapa anasema imeungua gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi (kipande cha juu cha injini chenye valvu) na bloki (kiwiliwili chenye silinda). Anataka laki saba, na anataka kutoa themostati, kile kifaa kinachofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, aitupe "ili injini ipoe". Jirani anasema ninunue injini ya mtumba. Nishike lipi?

Fundi_Katwe
Pole sana ndugu. Hiyo pshhh ya alfajiri imeshasema mengi. Maji ya moto yakipoa yanasinyaa, na rejeta isiyo na tatizo huvuta mengine kutoka kwenye chupa ya akiba. Asubuhi presha inatakiwa iwe imeisha. Kama imebaki, kuna hewa iliyosukumwa humo, na hewa hiyo inatoka ndani ya silinda.

Hakikisha hivi. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka juu na ufunge mfuniko. Chomoa ule mpira mdogo unaokwenda kwenye chupa ya akiba, uutumbukize kwenye chupa ya soda yenye maji. Washa. Mapovu yakianza dakika ya kwanza na yakaendelea bila kukoma, maji hayajapata moto wa kuchemka, kwa hiyo hiyo ni gesi ya silinda. Usifungue mfuniko injini ikiwa moto. Nimeona watu wakiungua uso.

Ila sikubali mtu aseme "gasketi" kabla hedi haijashuka. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, imekaa juu ya bloki ya chuma. Ikipata joto kali inajikunja, au inapasuka kati ya valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi. Ufa na gasketi iliyoungua vinatoa dalili zilezile kwa nje. Ukibadilisha gasketi na ufa upo, laki saba imekwenda na mwezi ujao uko hapa tena.

Dereva_Hoima
Mimi napingana kidogo. Yangu ilichemsha hivyohivyo, fundi akataka kufungua hedi, kumbe ni feni: ule mtungi wake wa mafuta mazito ulikuwa umelegea. Na mfuniko ulikuwa umechoka. Angalieni vitu vya bei ndogo kwanza.

Fundi_Katwe
Uko sahihi kwa gari linalochemsha tu. Feni na mfuniko haviingizi gesi kwenye rejeta. Lakini huenda ndivyo vilivyoanzisha balaa lote, kwa hiyo lazima avikague, la sivyo hedi mpya itakufa kama ya zamani.

Mama_Spea_Kisekka
Kaka Mwarua, nakuomba usiruhusu themostati itolewe. Themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengi yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mlima itachemsha zaidi. Nunua mpya, uijaribu kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Halafu gasketi ya 1KZ haiji kwa unene mmoja. Unene unachaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloki. Wateja wananiletea jina la gari tu, nami nawarudisha wakalete gasketi ya zamani yenye alama zake pembeni.

Nikuulize pia: kwenye maji kuna utelezi wa mafuta? Gari la otomatiki linapooza oili ya gia ndani ya rejeta hiyohiyo. Pakivuja humo, maji yanakuwa kama chai ya maziwa na watu wanalaumu gasketi bure.

Mwarua
Dada, maji hayana mafuta. Jaribio la chupa ya soda nimelifanya leo saa kumi na mbili asubuhi: sekunde ishirini tu, mapovu mfululizo, na yananuka moshi wa dizeli.

Mwarua (siku tisa baadaye)
Nimerudi na majibu. Hedi imeshuka. Gasketi yenyewe ilikuwa nzima, nimeigeuza pande zote sikuona palipoungua. Tulipeleka hedi Kampala, wakaziba njia za maji, wakaitia kwenye maji ya moto na kuipuliza upepo. Maji yakiwa baridi haikuonyesha kitu. Yalipopata moto, kamba nyembamba ya mapovu ikatoka kati ya valvu mbili za silinda ya tatu. Ufa ni mwembamba kama unywele. Fundi wa hapa aliniambia wachomelee ufa na kukwangua uso wa hedi unyooke.

Fundi_Katwe
Usichomelee hapo, ndugu. Pale kati ya valvu ndipo joto linapokaa, ufa unarudi. Na hedi ya dizeli haikwanguliwi ovyo, valvu zinasogea karibu na pistoni. Chukua hedi mpya, siyo ya mtumba ambayo hujui ilichemshwa mara ngapi. Ikija, weka rula juu ya bloki pia, upime kwa vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi: pengo chini ya rula lisizidi kipimo cha kitabu. Boliti mpya, kukaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza) na kisha kwa nyuzi za pembe kama kitabu kinavyosema. Fundi akikaza kwa kukisia mkono, mnyang'anye spana.

Kabla ya kufunga, rejeta ifunguliwe isuguliwe mirija. Kama umekuwa ukijaza maji ya kisima, humo ndani kuna chokaa. Baada ya hapo weka kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini), na unapojaza inua pua ya gari kwenye mteremko, heater ikiwa wazi, mpaka mapovu yaishe.

Mwarua
Rejeta nimeifungua jioni hii. Mirija ya upande wa chini karibu nusu imeziba, unga mweupe mgumu. Miaka minne nimejaza maji ya kisima cha nyumbani. Kesho inakwenda kusuguliwa, na hedi inapanda basi la usiku.