Tupeane uzoefu: kusoma Matched na vijana, mapenzi yake yanasimama wapi na yanalegea wapi?

Mdau wa Uyole
Wakuu, kamwene kwa wa Iringa, ugonile kwa wa Rungwe. Uzi huu ni wa wanaoendesha vikundi vya kusoma. Riwaya ni Matched ya Ally Condie wa Marekani, ya mwaka 2010. Kwa ambaye hajaisoma: Cassia anatimiza miaka 17, Jumuiya (mamlaka inayopanga maisha ya watu kule) inamtangazia mchumba, naye ni Xander, rafiki yake wa utotoni. Akifungua kadi ya taarifa nyumbani, sura ya Xander inatoweka na inatokea ya Ky, kijana mwingine.

Naona mapenzi ya Cassia na Ky yana nguvu pale tu yanapogusa katazo fulani. Kule watu hawajui kuandika kwa mkono. Ky anamfundisha herufi moja moja, akichora ardhini, na kila herufi ni kosa la kuadhibiwa. Sehemu hiyo haichoshi hata ukiirudia mara tatu. Wanapopanda kilima na kutazamana tu, kurasa zinalegea. Kipimo chake ni hiki: chagua tukio, liondolee sheria inayovunjwa, kisha msome tena. Likibaki vilevile, mwandishi alikuwa anajaza nafasi.

Kihesa
Kaka, kipimo ni kizuri, ila kasoro kubwa ni Xander. Hana kosa lolote, na ndiyo maana uamuzi wa Cassia hauna uzito unaostahili. Chora safu mbili kwenye daftari, moja ya Ky, moja ya Xander, mjaze kila siri ambayo Cassia anampa kila mmoja. Safu ya Ky inajaa haraka. Hapo vijana wanaona wenyewe kwamba mizani ilishainama kabla msichana hajachagua.

Halafu wekeni Kusadikika ya Shaaban Robert pembeni (1951). Mle Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa hoja, siku baada ya siku, Majivuno akiwa mshitaki wake. Cassia hapati baraza la namna hiyo. Ofisa anamwambia kwamba sura ya Ky ilikuwa hitilafu, basi. Mimi ningependa sana kusikia Jumuiya ikijitetea kwa kirefu.

Mwalimu wa Tukuyu
Jihadharini na mjadala kuishia kwenye "ndoa ya kupangiwa ni mbaya". Msomaji wa Rungwe anajua mshenga, anajua ng'ombe wa mahari, atasema mbona haya tunayo. Msimzime, mpelekeni mbele. Mshenga unabishana naye. Posa inakataliwa, na mahari inajadiliwa mpaka usiku. Kwenye Jumuiya uamuzi unatoka kwenye takwimu, na hakuna mlango wa kubisha. Hofu ya kitabu iko hapo, na wengi wanaipita kwa sababu wanawahi busu.

Na umri msiuruke. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikaona kifungu hicho kinapingana na Katiba mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ukilitaja hilo, ile 17 ya Cassia haisomwi tena kama jambo la Marekani tu.

Mafinga
Kwa wanaosoma kwa sauti huku wakitafsiri: riwaya iko nafsi ya kwanza, wakati uliopo. Ukiifuata neno kwa neno utapata "ninatazama, ninashika, ninageuka", na nusu ukurasa baadaye wasikilizaji wamechoka. Anza na -li-, endelea na -ka-, kisha rudi kwenye -na- pale tu hatari inapokaribia. Society iite Jumuiya. Ukisema "jamii" inasikika kama watu tu, mamlaka inapotea.

Vidonge ambavyo Jumuiya inawapa watu ni vitatu: kijani, bluu na chekundu. Cha kijani kinatuliza, kielezeni mapema. Chekundu kinafuta kumbukumbu, na hilo msiliseme kabla kitabu hakijalisema, maana mshtuko wa sura za mwisho unategemea hapo.

Mdau wa Uyole
Asanteni, hasa mwalimu. Naongeza la babu yake Cassia. Jumuiya imebakiza mashairi 100 tu, na inapanga kila mzee afe siku anayotimiza miaka 80. Babu anamwachia Cassia shairi la Dylan Thomas lisilo kwenye hayo 100, linalomhimiza mzee asiondoke kimya. Lina mistari 19, na miwili inarudi kwa zamu hadi mwisho ikutane. Aliyezoea kibwagizo atalishika upesi. Someni lote kwa pamoja mkifika hapo, kisha fungeni karatasi, kila mmoja aandike kwa kalamu mistari anayoikumbuka. Cassia naye analibeba kichwani baada ya karatasi kuteketea.