Shokapu zenye namba tisa kwenye gari la watalii: kwenye lami liko sawa, kwenye rasta linagonga na kuteleza

Dereva_Karatu ameuliza:

Salaam kwenu, mafundi na madereva wenzangu. Ninaendesha Land Cruiser 78 iliyogeuzwa kuwa gari la watalii, yenye springi za koili mbele na springi za mabapa nyuma, paa la kufunguka, tangi la pili la mafuta na viti saba vya wageni. Miezi miwili iliyopita mwenye gari alinunua shokapu nne mpya zenye nobu ya kurekebisha ugumu, kuanzia namba 1 ambayo ni laini kabisa hadi namba 9, na fundi aliyezifunga aliziweka zote kwenye namba 8 kwa hoja kwamba gari zito linahitaji shokapu ngumu.

Kwenye lami ya kutoka Arusha hadi Karatu sina malalamiko, kwa kuwa gari halilali kwenye kona na likivuka tuta linatulia mara moja. Taabu huanza ninapokuwa nimevuka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremka kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti, ambako changarawe imejaa yale mawimbi madogo yanayofuatana tunayoyaita rasta. Sekunde chache za kwanza huwa afadhali, kisha gari linaanza kugonga kana kwamba halina springi, na kwenye kona mkia unaponyoka kwenda nje hata nikiwa kwenye kilomita 45 kwa saa. Jambo lingine ambalo sijalielewa ni kwamba nikitoka kwenye rasta na kuingia sehemu laini, nahisi mkia wa gari ukiinuka taratibu, kama mtu anayenyanyuka kitini.

Safari iliyopita mama mmoja mtu mzima aliyekaa kiti cha nyuma kabisa aliniomba nisimame kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Tulisimama dakika 20, na jambo hilo limenikaa moyoni, maana kazi yangu ni kumfikisha mgeni akiwa mzima. Fundi wangu sasa ananishauri nipandishe hadi namba 9. Kabla sijafanya hivyo, naomba kuelezwa namba hizi zinabadilisha nini hasa, na nianzie wapi.

Fundi_Kijenge amejibu:

Pole na kazi, ndugu yangu. Usipandishe. Hilo la mkia kuinuka taratibu ndilo linalonionyesha tatizo lako liko wapi, na nashukuru kwamba umelitaja.

Uzito wa gari hubebwa na springi, si shokapu. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kudunda baada ya kusukumwa, nayo huifanya kazi hiyo kwa kulazimisha oili ipite kwenye matundu na vali ndogo ndani ya silinda, kiasi kwamba nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Oili hiyo hupita kwa njia mbili: gurudumu linapopanda na shokapu kubonyea, na gurudumu linaposhuka na shokapu kurefuka tena. Katika shokapu nyingi zenye nobu moja, nobu hugusa zaidi ile njia ya kurefuka, na katika nyingine hugusa njia zote mbili kwa pamoja. Kwa vyovyote vile, ukiiweka namba 8 umeifanya shokapu irefuke polepole sana.

Sasa tuchukue rasta zilizoachana kwa sentimita 80. Kwenye kilomita 45 kwa saa unakwenda mita 12.5 kila sekunde, kwa hiyo kila gurudumu linapigwa zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Gurudumu linapanda juu ya wimbi la kwanza, shokapu inabonyea, na kabla haijapata nafasi ya kurefuka wimbi la pili limekwisha fika, kisha la tatu, na kila mara shokapu inabaki imebonyea zaidi kidogo kuliko mwanzo. Baada ya sekunde chache gari limekaa chini juu ya mipira inayozuia ekseli isigonge chesisi, springi haina tena nafasi ya kufanya kazi, na kila pigo linakwenda moja kwa moja kwenye chesisi na kwenye mgongo wa yule mama. Ukiingia sehemu laini shokapu inapata muda wa kurefuka, ndiyo maana unahisi mkia ukiinuka. Kuponyoka kwenye kona kuna chanzo hicho hicho: gurudumu lisiloweza kushuka haraka ndani ya bonde la wimbi linaning'inia hewani, na tairi lililo hewani haliwezi kushika barabara.

Anza na namba 3 mbele na namba 4 nyuma. Nyuma nakupa zaidi kidogo kwa sababu springi za mabapa za gari la watalii kwa kawaida zimeongezwa bapa moja au mawili, na springi ngumu husukuma kurudi kwa nguvu zaidi. Nisingependa upande zaidi ya hapo kwa kuanzia, kwa kuwa mabapa yenyewe husuguana na msuguano huo tayari unapunguza mdundo. Chagua kipande kimoja cha barabara, kipite kwa mwendo uleule na mzigo uleule, kisha badilisha ekseli moja tu kwa namba moja, na uandike kwenye daftari. Ukibadilisha mbele na nyuma kwa wakati mmoja hutajua kilichosaidia. Kushoto na kulia kwa ekseli moja lazima zilingane daima.

Utajua umelegeza kupita kiasi pale gari litakapovuka tuta na kuendelea kupanda na kushuka mara mbili au tatu kabla ya kutulia. Hapo rudisha namba moja juu.

Kabla ya kuzungusha nobu, isugue kwa brashi na maji. Vumbi la huko ni jembamba kama unga, linaingia chini ya nobu na kuganda. Nimeshapokea shokapu tatu ambazo nobu zake zilivunjwa kwa koleo na mtu aliyekuwa na haraka.

Msafiri_wa_Marsabit amejibu:

Nawasalimu kutoka Nairobi. Nakubaliana na fundi, ila ningeanza na upepo wa matairi kabla ya kugusa shokapu, ambazo huku kwetu tunaziita shoki. Nilianza kuendesha kabla barabara ya Isiolo hadi Moyale haijatiwa lami, na wakati huo rasta za kule zilikuwa zikivunja mabano ya shokapu na kuyaacha njiani. Tairi lenyewe ni springi ya kwanza. Mimi hujaza 40 psi (kipimo cha upepo wa tairi) nikiwa na mzigo kwenye lami, na nikiingia changarawe ndefu hushusha hadi 30, kisha hupima tena baada ya nusu saa: upepo ukiwa umepanda kwa zaidi ya 6 psi kutokana na joto, ninajua nimeshusha mno au ninakwenda kasi mno. Bila pampu ndogo ya kujazia ukirudi kwenye lami, usishushe kabisa, kwa sababu tairi laini kwenye lami yenye mwendo hupata joto na kupasuka.

Gari langu lina shokapu zenye nobu mbili, moja ya kubonyea na moja ya kurefuka, na zimenifundisha kutofautisha malalamiko mawili ambayo abiria huyataja kwa neno moja la "ugumu". Pigo kali la ghafla gurudumu linapokutana na jiwe au ukingo wa shimo linatokana na njia ya kubonyea iliyobanwa mno. Kugonga kunakoongezeka kadiri rasta zinavyoendelea kunatokana na njia ya kurefuka, kama fundi alivyoeleza vizuri. Wewe unayo nobu moja, kwa hiyo utalazimika kutafuta mahali pa katikati, na upepo wa matairi ndio utakaokusaidia kwa lile pigo la ghafla.

Wapo watakaokushauri ukimbie kilomita 80 ili gari "liruke" juu ya rasta. Ni kweli kwamba mtetemo hupungua kwa mwendo huo, lakini hupungua kwa sababu matairi yanagusa vilele tu, na breki hazina cha kushika anapojitokeza mnyama. Isitoshe, ndani ya Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa.

Mzee_wa_Bushi amejibu:

Vijana wameeleza vizuri, nami naongeza jambo moja tu. Gari hilo lina ekseli nzima mbele. Ikiwa usukani unatetemeka baada ya kupiga shimo, au gari linatangatanga kwenye njia iliyonyooka, usilitafutie dawa kwenye nobu. Kagua bushi (yaani mipira ya kwenye maungio) za mikono ya ekseli ya mbele, bushi za ufito unaozuia ekseli isicheze pembeni, beringi za kingipini, yaani pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia, na ile shokapu ndogo ya usukani. Na kama gari limeinuliwa kwa springi ndefu, mwinamo wa kingipini umepungua na usukani hauwezi kujirudisha wenyewe. Hilo hurekebishwa kwa bushi maalumu, na shokapu haina la kufanya hapo. Nimewaona wamiliki wakinunua shokapu mpya mara mbili kwa ajili ya bushi zilizokwisha.

Dereva_Karatu amejibu:

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimerudi jana kutoka safari ya siku nne, na naomba nieleze nilichokiona.

Niliweka 3 mbele na 4 nyuma, nikashusha upepo kutoka 40 hadi 32, nikapita kipande kilekile cha kilomita 10 nikiwa na wageni sita na mizigo yao. Tofauti ilionekana tangu dakika ya kwanza: mtetemo upo, lakini gari halizami, na chupa ya maji niliyoiweka kwenye dashibodi, ambayo zamani ilikuwa ikianguka kila mara, ilibaki imesimama hadi tulipofika. Mkia hauponyoki tena kwenye kona. Siku ya pili nilijaribu 3 nyuma, na hapo gari likawa linapanda na kushuka mara mbili baada ya kila korongo, kwa hiyo nikarudi kwenye 4. Kwenye lami wakati wa kurudi nilipandisha 5 mbele na 6 nyuma ili lisilale kwenye kona za kuteremkia Mto wa Mbu. Kazi hiyo ilinichukua dakika tano nikiwa nimelala chini ya gari.

Limebaki swali moja. Tulipofika Naabi nilizigusa shokapu kwa nyuma ya mkono. Tatu zilikuwa za moto kiasi kwamba sikuweza kuacha mkono, lakini ya nyuma kushoto ilikuwa ya vuguvugu tu, na vumbi lililoishika chini lilikuwa limelowa na kuwa jeusi. Je, nayo inahitaji namba tofauti?

Fundi_Kijenge amejibu:

Hapana, ndugu yangu. Shokapu inayofanya kazi lazima ipate joto, kwa hiyo ile isiyopata moto wakati wenzake wanaungua haifanyi kazi, na vumbi lililolowa ni oili inayovuja kwenye sili. Usijaribu kuifidia kwa kuikaza. Kwa kuwa ina miezi miwili tu, peleka risiti dukani ukadai dhamana, na uombe zibadilishwe zote mbili za nyuma kwa pamoja, kwa sababu ile ya kulia imekuwa ikibeba kazi ya mbili kwa muda ambao hatuujui. Wakati ekseli imeinuliwa kwa jeki, mwambie fundi ashike bano la juu upande huo wa kushoto na kulitikisa, kisha atazame kama kuna ufa kwenye weldingi.