Bando la kazi ya shule alipe nani?

Mwalimu wa Gredi ya 8, Likoni
Assalamu alaikum walimu wenzangu na wazazi. Simu ninayofanyia kazi ya shule ni yangu, na bando ni langu. Kwa simu hiyo natafuta video za sayansi, naandika maandalio ya somo, najaza fomu za tathmini yangu, napakia alama za wanafunzi, tena najibu wazazi kwenye kundi la WhatsApp hadi usiku. Muhula uliopita nilimaliza kupakia alama saa saba usiku, na bando lilikatika mara mbili. Shuleni tumeambiwa kila mtu ajisimamie.

Kinachoniuma ni kwamba mikongo ya intaneti ya TEAMS na SEACOM ilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nchi jirani zapata intaneti inayopitia ufuoni kwetu, nasi walimu twanunua ya shilingi hamsini hamsini. Karani wa bandarini haendi kazini na kompyuta yake. Nasema hivi: kazi yoyote ya mtandaoni isidaiwe kwa mwalimu mpaka shule impe intaneti ya kuifanyia.

Mzazi, Kisauni
Mwalimu, uchungu wako nauelewa, lakini hapo mwisho sikubaliani nawe. Mtihani wa KJSEA wa 2025, ule wa kumaliza Gredi ya 9, ulihesabu asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Alama hizo zisipopakiwa, anayeumia ni mwanangu. Na nikwambie kitu: binti yangu aliuona moyo ukipiga kwenye simu ya mwalimu wake, akarudi nyumbani akatueleza vyumba vinne vya moyo kwa vidole. Kitabu alikuwa nacho mwezi mzima. Hilo silitaki lisimame hata wiki moja. Tuchangisheni wazazi.

Mwalimu mkuu mstaafu, Changamwe
Mwanangu wa Kisauni, mchango wa wazazi utawatenga wasio nacho, nami nimeyaona hayo. Tuangalie hesabu. Shule ya msingi hupangiwa mgao wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9) shilingi 15,042. Mgao huo huchelewa, ni kweli, ila sekondari msingi inaweza kutenga intaneti ya walimu. Shule ya msingi ndiyo haiwezi.

Na kuna jambo tulilipoteza. Mpango wa serikali wa vishikwambi ulioanza 2016 haukuleta vishikwambi peke yake. Kila shule ilikusudiwa kupata vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na seva, yaani mashine ya kuhifadhi masomo, yenye rauta ya kuyasambaza, ili masomo yafunguliwe darasani bila bando. Wazo hilo lilikuwa sawa kabisa. Mimi nilivifungia vifaa kabatini, kwa sababu kikiibiwa kimoja ni mimi ningeulizwa. Nilipofungua, joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimekwisha kuvila: betri zimevimba, soketi zina kutu. Hakuna fundi aliyepangiwa, wala shilingi ya matengenezo. Kwa hiyo msidai bando tu. Daini seva shuleni, fundi wa kaunti ndogo, na sheria ya kumkinga mwalimu mkuu kifaa kikiibiwa.

Mwalimu wa Gredi ya 2, Jomvu
Naongeza moja. Watoto wangu nawafundisha kwa Kiswahili, na nyingi ya video ninazozipata ni za Kiingereza. Nazima sauti, nasimulia mwenyewe. Hata mkinipa seva leo, itajazwa nini? Mpaka hapo vizibo vya chupa vinanitosha kwa hesabu.

Mwalimu wa Gredi ya 8, Likoni
Mzazi, alama za mwanao hazitakaa bila kupakiwa. Sijawahi kuziacha, na sitaziacha. Neno langu la "isidaiwe" nalirudisha kwa hizo alama. Kwa mengine nimesimama pale pale.

Mzee wa Changamwe, shukrani. Hiyo seva nimeiona kwenye stoo yetu, chini ya ramani kuukuu, sikujua kazi yake. Jumatatu naiomba funguo nijaribu kuiwasha. Ikiwaka, dada wa Jomvu, hizo simulizi zako za Kiswahili zirekodi unitumie, nitaziweka humo za kwanza.