Mlioweka Linux zaidi ya moja kwenye mashine moja, tupeane uzoefu

Chalii wa Sakina: Wakuu, jana nimemkuta dogo hapa mtaani anaweka Debian pembeni ya Ubuntu (zote ni aina za Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta) kwenye laptopu ya mtumba. Kafika pale pa kugawa diski, katoa macho, jasho linamtiririka. Nikajikumbuka. Mimi nilifika tano, ya sita ikagoma. Nyie je?

Fundi Mstaafu: Tano za nini mkuu, ulikuwa unafungua duka?

Mangi wa Pasua: Umenitonesha kidonda. Nilikuwa na Ubuntu na Fedora, nikataka na Arch, Linux nyingine, maana kuna vijana walikuwa wananiringia nayo. Usiku, mvua ya masika inapiga bati, umeme umeshakatika mara mbili. Nikasema niandae flashi fasta kabla haujaondoka tena. Nikapiga dd, amri ya kunakili mfumo kwenda kwenye flashi, mwishoni nikaandika of=/dev/sda, yaani diski ya mashine, badala ya sdb, yaani flashi. Naangalia, taa ya diski inawaka mfululizo, kale kataa ka buluu ka flashi kamelala tu. Nikajua flashi haijakaa vizuri. Nikaichomoa, nikaipuliza! Kazi bado inaendelea. Hapo ndipo tumbo likanikata. Nakuja kusimamisha, mwanzo wa diski umeshafunikwa, jedwali la patisheni (vile vipande vya diski) halipo. Kwa testdisk, programu ya kuokoa patisheni, Fedora ilirudi nzima. Ubuntu ndiyo ilikuwa mbele kabisa, yenyewe nikaambulia faili kibao ndani ya folda ya lost+found, majina yote yamegeuka namba. Na huko ndiko ilikokuwa orodha ya michango ya harusi ya dada yangu. Mweka hazina mimi.

Mama Nne: Duh. Pole kaka.

Njiro Juu: lsblk kwanza uone diski ipi ni ipi, dd baadaye. Kila siku.

Chalii wa Sakina: Turudi kwenye mada. Ukiweka mfumo mpya halafu menyu ya kuwashia haionyeshi ule wa zamani, usilie. Tangu GRUB (programu ya hiyo menyu) 2.06 ya mwaka 2021, os-prober, inayotafuta mifumo mingine, inakuja imezimwa. Fungua /etc/default/grub, weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha piga amri ya update-grub.

Fundi Mstaafu: Kwenye Fedora hiyo update-grub utaitafuta mpaka kuche. Huko ni grub2-mkconfig. Semeni yote.

Njiro Juu: Na /home, folda ya faili na mipangilio yako, wekeni moja kwa mifumo yote, mnaokoa nafasi.

Fundi Mstaafu: Usipoteze watu. Firefox mpya ya huku ikishagusa profaili (mipangilio yake iliyomo /home), ya zamani ya kule inagoma kuifungua. Kila mfumo na /home yake, patisheni ya pamoja iwe ya nyaraka na picha tu.

Njiro Juu: Miaka sita natumia hivyo na sijafa.

Mama Nne: Swapu, ile sehemu ya diski ya kusaidia RAM, je?

Njiro Juu: Moja inatosha.

Fundi Mstaafu: Inatosha mpaka siku uhaibaneti mfumo mmoja (uuzime huku kazi zilizo wazi zimehifadhiwa kwenye swapu) halafu uwashe mwingine. Ulichokiacha wazi kimekwenda.

Arifu wa Ngarenaro: Mnabishania swapu wakati mtu hajatuambia michango iliishia wapi.

Mangi wa Pasua: Tulipiga simu mmoja mmoja. Ajabu, kila mtu alikuwa ameshamaliza ahadi yake.

Arifu wa Ngarenaro: 😂😂

Mama Nne: Kaka, hiyo harusi ilikuwa Kiboriloni? Maana mimi nilitoa elfu hamsini na kadi sikuiona mpaka leo.