Mrejesho: majina ya mafolda kwenye Thunderbird

Jamani nimerudi. Nliuliza vipi nitabadilisha majina ya mafolda yanayokuja na Thunderbird, ile programu ya barua pepe, maana hapa gesti kwetu Chake Chake kompyuta moja tunatumia watu watatu, na Bi Mkubwa akiona barua imo Drafts (folda ya rasimu, zisotumwa bado) anajua ishakwenda, mgeni anangoja jibu la chumba siku mbili.

Mlosema haibadiliki mlikuwa sawa, nlibofya kulia kwenye Sent (folda ya zilotumwa) mpaka kidole kikaniuma, pa kubadilisha jina hapamo. Basi nkaunda folda mpya mbili, Zilokwenda na Hazijenda, nkaingia setingi za akaunti sehemu ya nakala na mafolda, pale unachagua mwenyewe zilotumwa zikae wapi na rasimu wapi. Ya taka iko kwengine, kwenye setingi za seva, hiyo ilinichosha kuitafuta. Inbox nimeiacha, jina hilo kwenye IMAP (njia ya kusoma barua zinazokaa kwenye seva) ni maalumu halichezewi.

Barua za zamani hazihami zenyewe, nimeziburuta kwa mkono, na umeme ukakatika katikati ya kazi (wa hapa mnajua). Tabu ilobaki ni simu, nikituma kwa simu inaingia Sent ile ile ya kale kwa sababu setingi hizi ni za kompyuta hii tu, simu haina habari nazo.

Lakini leo asubuhi Bi Mkubwa kaniita, "Njoo, mbona Hazijenda ina moja?" Nkamwambia hiyo yako mama, hujabonyeza tuma.

Ahsanteni sana.