Ligi Kuu ya Wanawake: ubingwa unaamuliwa wapi hasa?

Baba Zuhura:
Habari zenu wakuu. Binti yangu kaniingiza kwenye Ligi Kuu ya Wanawake Tanzania Bara na sasa sitoki. Nikitazama mabingwa naona Simba Queens 2020, 2021 na 2022, JKT Queens 2023, Simba Queens tena 2024, JKT Queens 2025. Je, ubingwa unaamuliwa siku wanapokutana hao wawili tu? Mechi nyingine tuzifuatilie kwa lipi?

Mnyama Damu:
Ndiyo mkuu, hao wawili ndio ligi. Ukiongeza Simba Queens na Yanga Princess umemaliza.

Mama wa Gangilonga:
Mnyama Damu, hapo nakupinga. Baba Zuhura, piga hesabu. Msimu wa timu 10 kila timu inacheza mechi 18, pointi 54. Simba na JKT wanakutana mara mbili, pointi 6 basi. Pointi 48 zilizobaki ziko kwa Ceasiaa Queens huku kwetu Iringa, kwa Alliance Girls Mwanza, kwa Bunda Queens, kwa Fountain Gate Princess. Wakubwa wakilingana nguvu, anayebanwa mkoani ndiye anayelia mwisho wa msimu.

Mimi nakaa jukwaani na wanangu Ceasiaa wakiwa nyumbani. Ikija timu kubwa ya Dar, dakika ishirini za mwanzo utadhani watapigwa tano. Baada ya hapo mabeki wanaanza kuwasoma washambuliaji. Kuna beki wa kulia, mfupi, kila mpira ukiondolewa anapaza sauti "Pandeni! Pandeni!" hadi mstari mzima unasogea pamoja, na straika mwenye jina kubwa ananyooshewa kibendera cha kuotea mara ya tatu, ya nne. Sare ya namna hiyo ni pointi mbili zimeachwa Iringa, na hakuna wa kuzirudisha.

Kinachoniuma ni dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu. Binti akifunga mabao mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili unamkuta kwenye benchi la timu kubwa. Simlaumu, naye ana familia. Ila timu ndogo inabaki bila mfungaji na msimu bado mbichi. Wakubwa wakishapata mtu, wampange acheze!

Kocha wa Mtaa:
Nampa Mama tano. Niongeze tu kwamba bingwa ndiye anayekwenda mchujo wa CECAFA, yaani wa ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, kutafuta tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwa hiyo sare moja ya mkoani inaweza kukunyima Afrika nzima. Simba Queens walipopita huko mwaka 2022 walifika nusu fainali Morocco, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa bao 1-0. JKT Queens nao wakaenda Ivory Coast mwaka uliofuata.

Baba Zuhura:
Ahsanteni sana. Mama, nianze na mechi ipi?

Mama wa Gangilonga:
Azam TV huonyesha baadhi, lakini kama mkoani kwako kuna timu, nenda uwanjani na Zuhura. Kaeni nyuma ya goli ambalo wenyeji wanalilinda, mtasikia mabeki wanavyoelekezana. Na mkija Iringa beba sweta, jioni huku baridi haina huruma.