Kijana wangu wa form two kaenda kusaidia fundi mageti likizo, usiku macho yanawaka

mama_wawili: Jamani habarini. Mwanangu ana miaka 15, likizo hii kaomba aende kwa fundi mageti hapa mtaani, anapewa elfu tatu kwa siku, nikaona bora kuliko kushinda kijiweni. Jana karudi jioni mzima kabisa, kufika saa tano usiku analia macho kama yametiwa mchanga, hata taa hawezi kuiangalia. Anasema yeye hachomelei, anashika tu bomba fundi akichoma. Jirani anasema nimwekee kiazi kibichi??

chuma_moto: Pole sana dada. Anayeshika bomba ndo anaumia kuliko fundi, fundi ana kioo cheusi, dogo anaambiwa geuza uso basi. Ule mwanga unaunguza jicho hata kwa pembeni, unagonga bati unarudi, na maumivu yanakuja baada ya masaa kadhaa ndo maana alirudi mzima. Kiazi achana nacho. Asisugue, weka kitambaa safi cha maji baridi juu ya kope, akae kiza halafu mpeleke hospitali, mara nyingi inapoa siku moja mbili. Ila kama alikuwa karibu na grainda, ile mashine ya kukatia na kusugulia chuma, wahi sana, chembe ya chuma inaweza kuwa imenasa kwenye jicho, na asije mtu akaitoa na njiti ya kiberiti maana nshaona hiyo. Grainda nyingi mtaani kava limeng'olewa ili jiwe kubwa, yaani kile kisahani cha kukatia, liingie, likipasuka hilo vipande vinaruka usoni.

mzee_wa_kijiwe: Mnadekeza watoto tu, sisi tumekulia gereji, ukitoka kuchoma unapiga maziwa yako unalala

chuma_moto: Mkuu maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kwenye mapafu. Choma bomba la zinki sehemu iliyozibwa uone usiku unavyotetemeka ukidhani malaria.

kisheria_zaidi: Mama, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isimzuie shule wala isimuumize. Sehemu yenye mashine imetajwa kabisa kwenye kazi za hatari, pamoja na migodi na kubeba mizigo mizito, hizo ni mpaka afike 18. Na kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi mtoto haruhusiwi kufanya kazi. Kwa hiyo hata fundi akimnunulia miwani bado hapaswi kuwepo pale.

mama_wawili: Asanteni, tumetoka hospitali kapewa dawa ya matone na kaambiwa apumzike. Fundi kapiga simu anasema basi atamweka kwenye kupaka rangi tu. Hiyo vipi?

chuma_moto: Palepale gereji? Grainda inapiga kelele mita mbili kutoka alipo, na ile tina wanayochanganyia rangi anaivuta kutwa nzima. Dada mtafutie duka, hata la fotokopi.